Deraya ya Sponji

Mimi nina ugonjwa mmoja, na wote wanaonijua wanaujua: kitu kikifunikwa mbele yangu, sipati usingizi mpaka nikifunue. Kwa hiyo Parfait, mume wangu, alipoanza kuifunika meza ya chumba cha nyuma kwa shuka, tena akaliwekea mawe manne pembeni kana kwamba upepo unavuma ndani ya nyumba, nilijua mmoja wetu atashindwa, na nilijua ni nani.

Lakini nianzie getini, maana bila geti mambo haya hayaeleweki.

Sisi ni watu wa Bukavu. Tuna miaka kumi na mitano Johannesburg, na tunakaa Kensington, vyumba viwili nyuma ya nyumba kubwa ya zamani. Kutoka mlangoni kwetu hadi geti la barabarani ni hatua ishirini na sita. Nimezihesabu nikiwa dirishani, nikimwangalia mume wangu akizipiga na kurudi. Parfait alikuwa mlinzi wa ghala moja kusini mwa jiji. Mwezi wa nane mwaka jana, saa nne asubuhi, watu watano waliingia pale na bunduki. Hawakumpiga. Walimwambia avue ile fulana nzito ya kuzuia risasi, akavua. Wakamwambia alale chini, akalala. Mmoja wao akaivaa fulana mwenyewe, akacheka, wakaondoka nayo.

Mwilini hakupata hata mkwaruzo. Kesho yake alivaa buti, akanywa chai, akafika getini, akashika komeo, akarudi ndani. Keshokutwa vilevile. Wiki ya tatu kampuni ikaacha kupiga simu. Mpaka mwezi wa tatu mwaka huu alikuwa hajavuka geti kwa miezi saba. Hakwenda kanisani, hakwenda kwa kinyozi. Nywele nilimkata mimi kwa mkasi wangu wa kitambaa, na muulize fundi yeyote wa nguo kama kuna dhambi kubwa kuliko hiyo.

Watu walinipa maombi, wakanipa majani ya kuchemsha, wakanipa namba ya mtaalamu wa mjini ambaye Parfait asingeweza kumfikia kwa sababu ofisi yake iko nje ya geti. Mimi nilijaribu hasira, kwa kuwa ndicho kipaji nilichojaliwa. Siku moja nilimpigia kelele: "Hawakukugusa, Parfait! Hawakukugusa hata kidole!" Akanitazama, akasema kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu, "Njo vile. Hawakunigusa," akarudi kuosha sahani. Tangu siku hiyo nilinyamaza. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, na nilikitaka mpaka kifua kikaniuma: nimwone mume wangu akiwa upande wa pili wa lile geti.

Basi asubuhi moja akaniambia, "Mama Héri, ukipita kwa Mansour, uniletee ile mikeka ya batoto. Ile yenye inashikana kama meno. Paketi mbili."

Héri ni binti yetu Héritière. Yuko chuo Bloemfontein, na mikeka ya kuchezea aliiaga zamani. Mansour ana duka Queen Street, ng'ambo ya robot, ndivyo tunavyoziita taa za barabarani huku, na anauza kila kitu kuanzia ndoo hadi blanketi.

"Ya nini?" nikauliza.

"Ya kazi."

Neno hilo sikuwa nimelisikia mdomoni mwake tangu mwezi wa nane. Angeniambia nimletee simba ningeenda kumtafuta. Nikaleta mikeka, ile ya sponji ngumu, myeusi, unene wa kidole. Baada ya mikeka akataka gundi ya viatu. Baada ya gundi, nyembe za kukatia. Baada ya nyembe, rangi ya fedha ya kupuliza. Pasi yangu ya zamani ikatoweka kabatini. Sufuria kubwa ya ugali ikawa kila jioni naikuta imepinduliwa sakafuni, na chai ikaanza kunuka gundi. Nilivumilia siku nne, na kwangu mimi siku nne ni mwaka.

"Parfait, unatengeneza nini humu ndani?"

Akanionyesha simu. Kulikuwa na video ya mtu mmoja wa ughaibuni, mtu mzima mwenye mvi, amekaa kwenye banda la nyumbani kwake akikata mikeka kama ile ile. Anaipasha moto, anaikunja, anaibandika, anaipaka rangi. Mwishoni anatoka amevaa deraya ya shujaa mzima mzima, kifua, mabega, mikono, na ungeapa ni chuma.

"Ni armure," Parfait akasema, na macho yake yalikuwa na mwanga ambao nilikuwa nimeshausahau. "Ya sponji yote. Hata hapa, kule Newtown, kuna siku batu banakutanaka na banavaa hivi. Batu bazima, Mama Héri. Bako na kazi, bako na watoto."

"Na hii yako ni ya nani?"

"Ya mtu."

"Mtu gani?"

"Ni commande. Usiniulize mingi." Akavuta shuka, akaweka mawe.

Sasa niambie. Mtu asiyevuka geti, kazi ameagizwa na nani? Nani alikuja hapa? Niliondoka kwenda dukani kwangu nikakata mkono wa gauni badala ya kola.

Jumatano, Parfait alipoingia kuoga, niliondoa mawe. Niliyaondoa moja moja na kukariri lilikokaa kila moja, maana nina ugonjwa lakini sina ujinga.

Fundi akiona kazi ya mtu mwingine, jicho linakwenda kwenye mshono kwanza. Hapakuwa na mshono. Sisi tukikata kitambaa tunaacha pembeni nafasi ya kushonea, lakini yeye hakuacha hata unywele. Alikuwa amekata kingo mshazari, akazipaka gundi, akazikutanisha uso kwa uso, na nilipopitisha kidole sikuona pa kuanzia wala pa kuishia. Mabega yalikuwa ya tabaka tatu zinazolaliana, kila moja imekunjwa kwa joto, na katika ule mkunjo nikaitambua sufuria yangu. Kingo za chini alikuwa amezizungushia mabaki ya kitenge kutoka kwenye gunia langu la taka. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka ishirini ya ndoa, kifungo kikikatika, ananiletea shati kwa mikono miwili kama anampeleka mgonjwa hospitali. Niliona wivu, nasema kweli. Halafu nikaona fahari, halafu nikageuza kipande cha kifua upande wa pili, na vyote viwili vikaniisha.

Kifua kilikuwa cha mwanamke.

Huhitaji kuwa fundi kuona hilo, lakini mimi ni fundi, na tepu huwa iko shingoni mwangu hata kanisani. Nikapima. Bega thelathini na saba. Kifua themanini na sita. Kiuno sitini na sita.

Sitini na sita! Mimi kiuno cha sitini na sita nakiona kwa wateja wanaokuja na mama zao. Nikarudisha shuka, nikarudisha mawe, nikaketi jikoni. Bafuni Parfait alikuwa anaimba. Miezi saba hakuimba, na leo anaimba, na mezani pake kuna mwanamke mwembamba wa rangi ya fedha. Kumbe mtu anaweza kufungiwa ndani miezi saba na bado akakuponyoka.

Kitu kimoja zaidi nilikuwa nimekiona mezani: drayer ya nywele, nyekundu, yenye utepe mweupe kwenye waya. Naijua. Ni ya Arlène.

Arlène ni msichana wa Goma, msusi. Tunakodi duka moja pale Queen Street, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa ukuta. Ni mchangamfu, ni mwembamba, na mpaka siku hiyo nilikuwa nampenda. Alhamisi asubuhi nilimkuta anachambua nywele za bandia, nikamwambia, "Arlène, simama hapa nikupime. Nataka kukushonea blauzi."

"Blauzi? Juu ya nini, Mama Héri? Si sikukuu yangu."

"Mtu hawezi kukupenda tu?"

Akasimama akicheka. Nikampima nikiwa nimebana midomo. Bega arobaini na moja. Nikarudia. Arobaini na moja. Kifua tisini na mbili. Alikuwa na mabega ya mtu aliyebeba maji utotoni, na mimi miaka miwili namwangalia sikuyaona. Hata kiuno chake hakikuwa kile.

"Unanipima kama polisi," akasema. "Nimekosa nini?"

Hasira ikanitoka yote kwa mpigo, nikabaki na aibu. Na blauzi sasa ilibidi niishone kweli. "Drayer yako iko kwangu," nikasema.

"Ndiyo. Papa Héri alinipigia simu, nikamwachia getini. Anasema anakunja nayo sponji, ile pembe ndogondogo pasi haifiki. Mi nikamuliza nani atavaa hiyo kitu."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Ni ya mtu mwenye kutembeaka sana.' Sikuelewa."

Mtu anayetembea sana. Nilikaa na maneno hayo siku nzima. Kama si Arlène ni nani? Nina madaftari manne ya vipimo, na kila mtu niliyemshonea katika maisha yangu yumo, wengine wameshakufa na viuno vyao bado viko kwangu. Nikaanza kuyapekua. Thelathini na saba, themanini na sita, sitini na sita. Nilimpata bibi harusi mmoja aliyelingana bega na kifua, kiuno kikakataa. Nilimpata mwanakwaya aliyelingana kiuno tu. Wateja wakaingia, wakasubiri, wakatoka. Arlène alinitazama kwenye kioo chake na hakuuliza kitu, na kwa hilo namshukuru. Jioni nilikuwa nimemaliza madaftari matatu bila jibu.

Daftari la nne liko nyumbani. Ndilo la kwanza kabisa, la Bukavu, lenye jalada la plastiki ya bluu. Ijumaa niliacha duka saa nne na nusu asubuhi, nikarudi nyumbani na kufungua sanduku ninamolihifadhi. Halikuwamo.

Parfait alikuwa uani anaanika nguo. Nilienda moja kwa moja kwenye meza, na safari hii mawe sikuyakariri.

Daftari lilikuwa pale, chini ya shuka, pembeni mwa deraya. Lilikuwa limefunguliwa ukurasa wa kwanza, na pembeni mwa ukurasa kulikuwa na alama ya dole gumba la gundi. Mwandiko ulikuwa wa msichana anayejitahidi herufi zisiteremke mstari. *Brigitte. Bega 37. Kifua 86. Kiuno 66.* Mwaka 2003.

Brigitte ni mimi.

Pale Bukavu nilipojifunza kushona, mwalimu wetu, Mama Carmel, alikuwa na desturi moja. Siku ya kwanza hushiki mkasi, hushiki sindano. Mnapimana ninyi kwa ninyi, na kila mmoja anaandika vipimo vyake katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake, ndipo aruhusiwe kupima mtu mwingine. Mafundi wote waliopita mikononi mwake wana ukurasa huo. Na nadhani wote ni kama mimi, hawajaugusa tena. Miaka ishirini na miwili napima watu, na mwenyewe sijapimwa. Nguo zangu nakata kwa kukisia, na kila mwaka nakisia kwa ukarimu zaidi.

Nilikaa kitandani nikacheka mpaka mbavu zikauma. Mwanamke niliyemwonea wivu siku mbili, niliyemtafuta katika madaftari matatu, niliyetaka kumng'oa nywele, alikuwa mimi. Halafu kicheko kikageuka, na Parfait alipoingia na beseni tupu alinikuta nafuta machozi kwa shuka lake.

Aliangalia meza, akaangalia mawe yaliyotawanyika. "Weye Mama Héri," akasema polepole. "Haikuwa bado kuisha."

"Ulisema ni commande."

"Ni commande. Mi njo nilijiagiza."

"Kwa nini?"

Akaweka beseni chini. Parfait hana maneno mengi, na yale aliyo nayo huyatoa kama mtu anayevua kiatu kinachombana. "Juu weye unatokaka. Kila asubuhi. Mi nasimama pale dirishani, nahesabu hatua zako mpaka geti, ishirini na tisa, na baada ya pale sikuone tena. Mwezi wa kwanza walikunyang'anya simu pale robot. Ukarudi, ukapika, ukaanza kutuchekesha na ile habari. Mi nilikuwa hapa ndani. Nilikuwa hapa ndani, Brigitte."

Huwa haniiti Brigitte. Na sikujua kwamba naye anahesabu, wala kwamba hatua zangu ni fupi kuliko zake.

"Lakini Parfait, hii ni mikeka ya watoto. Hata kisu cha mkate hakizuii."

"Najua. Ile yenye kuzuia risasi ilikuwa ya kweli, na waliniambia nivue, nikavua. Haikunisaidia kitu. Hii najua haizuii kitu. Nilitaka tu mikono yangu ifanye kitu juu yako."

Nikasimama nikamwambia, "Nivalishe."

Akafurahi kama mtoto. Akainama chini ya kitanda akatoa kitu ambacho hata chini ya shuka hakukiweka, mkasi wa sponji, wa rangi ya dhahabu, mkubwa kama kiganja, umefunguka midomo. "Kila shujaa ana alama yake kwa kifua," akasema, akaubandika katikati ya deraya na kuubonyeza kwa kiganja huku anahesabu hadi thelathini. Kisha akanivisha. Mabega yakakaa. Akanifunga mikono ya sponji kwa vifungo vya mkoba wa zamani. Akazunguka nyuma yangu kufunga mgongo, akavuta upande wa kulia, akavuta upande wa kushoto, akavuta tena.

Kisha mikono ikaachia.

"Parfait?"

"Haifiki."

"Imepungua kiasi gani?"

Nilisikia anapima kwa kiganja chake. "Shibiri," akasema. "Kwa kiuno ni shibiri na vidole." Na sauti yake ikashuka. "Lakini nilifanya sawa kaye inasema. Kila namba."

"Daftari linasema ukweli wa mwaka 2003, Baba Héri! Ulikuwa hujanioa bado! Hukuona kwamba yule mtu amebadilika?"

"Mi nilisoma jina nikaona ni weye tu," akasema. "Sikuona shida yoyote."

Nataka wanawake wasomao haya waisome sentensi hiyo mara mbili.

Akachukua tepu shingoni mwangu akanipima. Alinipima vibaya, aliishika tepu kama nyoka, na ilibidi nimwelekeze, lakini mikono yake ilinizunguka taratibu na akataja namba kwa sauti bila kutabasamu hata moja. Kifua mia moja na nne. Kiuno tisini na mbili. Akaandika chini ya zile za zamani. Ikawa inahitajika mikeka zaidi, paketi moja, ya kuongeza vipande viwili mgongoni.

"Ni saa tano na nusu," akasema akitazama simu. "Leo ni Ijumaa, Mansour anafungaka saa sita anaenda kusali Mayfair, na akienda huko harudi mapema. Vua basi, ukimbie."

Nikaanza kuinua mkono nifungue kifungo cha bega. Halafu nikasimama. Sitadai kwamba nilikuwa na mpango. Neno lenyewe lilinichoma tu, vua, na nikamwona yule mtu ghalani akicheka ndani ya fulana ya mume wangu.

"Sivui," nikasema.

"Unasema nini?"

"Walikuvua wewe. Mimi sivui. Naenda hivi hivi."

"Mama Héri, mgongo uko wazi! Na bega la kushoto gundi haijakauka, ukitembea itaachana!"

"Itaachana basi."

Nikatoka mlangoni. Jua la saa tano lilikuwa kali, na ile rangi ya fedha ikawaka mpaka nikafumba jicho. Nilikwenda hatua tano, sita, vipande vya mgongo vikipigapiga nyuma yangu kama milango ya kabati, na bega la kushoto likaanza kulia, kwikwi, kwikwi. Nyuma yangu nikasikia ndala zinakimbia.

"Ngoja! Ngoja, unaharibu!"

Mikono miwili ikashika kingo zote mbili za mgongo, ikazivuta pamoja. Bega likanyamaza. Sikusimama. Kumi na nne, kumi na tano. "Polepole," akasema, "kifua kinabonyea." Ishirini. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo na moyo wenyewe unapiga kuliko hesabu. Ishirini na nane. Nikafika getini, nikavuta komeo. Liko juu kidogo, kwa hiyo nililazimika kunyanyuka kwa vidole vya miguu, na yeye akanyanyuka nami ili asiachie. Geti likafunguka. Nikavuka, na mikono ikavuka nami.

Barabarani watu wakasimama. Mwanamke anayeuza nyanya pembeni mwa ukuta alipiga mikono, "Eish, mama!" akaniuliza kwa Kizulu mimi ni shujaa gani, nikamwonyesha mkasi. Teksi ikapiga honi, dereva akatoa kichwa nje akashangilia. Mimi nilitembea nimenyoosha shingo kama bibi harusi, na nyuma yangu ndala zikawa zinafuata, pa, pa, pa. Nilikuwa naogopa hata kukohoa.

Tukafika robot. Ilikuwa nyekundu, na ng'ambo nilimwona Mansour ameshatoa ufagio anasukuma vumbi, dalili kwamba karibu atafunga. Pale pale ndipo simu yangu iliponyakuliwa mwezi wa kwanza. Magari yakapita. Na hapo ndipo nilipohisi. Sponji ni kitu cha ajabu, inapokea kila kitu: mikono yake ilikuwa inatetemeka, na ule mtetemo ulikuja mgongoni kwangu wote, mpaka mkasi wa dhahabu ukatikisika kifuani. Pumzi yake ilikuwa inapiga kisogoni mwangu, fupi fupi. Alijua alipo. Huenda alijua tangu getini.

"Baba Héri, unashika?" nikauliza.

"Nashika," akasema.

Nilitaka kugeuka. Mungu wangu, nilivyotaka kugeuka nione uso wake. Maisha yangu yote sijawahi kuacha kitu bila kukitazama, na hiki ndicho nilichokisubiri miezi saba, kilikuwa nusu hatua nyuma yangu, kimevaa ndala na fulana ya nyumbani. Lakini nikigeuka, mikono itaachia. Kwa hiyo nikaitazama robot, nikakaza macho hapo, yakajaa maji, taa nyekundu ikawa mbili, ikawa tatu.

Ikageuka kijani. Sikuinua mguu. Nilisubiri.

"Twende," Parfait akasema, "atatufungia."